Haidrojeni na Mabomba ya Shinikizo Kubwa: Wasia kwa Mafundi wa Mombasa ya Bara

Kwa watu wa Mombasa ya bara, mabomba ya mafuta si jambo geni. Hapo Changamwe palijengwa kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi, ambacho kampuni yake iliundwa na Shell na BP mwaka 1960, kikaanza kazi mwaka 1963, kikaongezewa sehemu ya pili mwaka 1974, na kikaendelea kusafisha mafuta hata mwaka 2013, kiliposita na kugeuzwa bohari. Ndani ya kiwanda hicho haukuwamo mtambo wa kukeneka mafuta peke yake. Ilikuwamo pia mitambo ya kuigeuza nafta kuwa petroli kwa msaada wa kichocheo, ambayo katika kazi yake huzaa haidrojeni, na mitambo mingine ya kuitumia haidrojeni hiyo kuondolea salfa. Basi kwa muda wa nusu karne walikuwako mafundi wa Chaani na Miritini, na wengine waliovuka kutoka Likoni na Kisauni, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa jirani na gesi hii iliyo nyepesi kuliko gesi zote.

Kiwanda kimesita, walakini haja ya elimu yake ingali ipo, na huenda ikazidi. Vijana wa pwani wenye ufundi wa mabomba na wa kuchomelea huitwa kazini Ghuba, ambako viwanda vya kusafisha mafuta ni vingi, na viwanda vya mbolea kama kile cha Sur, Omani, hutengeneza amonia kwa haidrojeni. Na Serikali ya Kenya nayo, mwezi wa Septemba 2023, ilitangaza mpango wake wa kuzalisha haidrojeni kwa umeme usiotokana na mafuta, kusudi mojawapo likiwa ni kupata mbolea humu humu nchini. Kwa minajili hiyo nimeona inafaa kuandika wasia huu, si kwa mhandisi mwenye vitabu vyake, bali kwako wewe fundi, mkaguzi au msimamizi wa zamu, ambaye mkono wako ndio ushikao spana.

Msingi wa wasia wote ni huu: bomba lililobeba haidrojeni haliaminiwi kwa sura yake, bali kwa nasaba yake na kwa mambo yaliyolipitia, yaani limetoka katika feleji ya namna gani, na limeshindana na joto kiasi gani na shinikizo kiasi gani tangu siku lilipofungwa. Kutu huonekana na unene uliopungua hupimika, ilhali madhara ya haidrojeni aghalabu hukaa ndani ya ukuta wa bomba ambalo nje yake ni zima na unene wake haukupungua hata unywele.

Namna haidrojeni iingiavyo katika feleji

Haidrojeni katika hali yake ya kawaida huenda chembe mbili mbili zilizoshikana, nazo zikiwa hivyo hazina njia ya kupenya chuma. Ila juu ya uso wa chuma chenye moto mkali jozi hizo huachana, na kila chembe peke yake, kwa kuwa ni ndogo mno, hujipenyeza baina ya chembe za chuma na kutembea humo. Sasa, feleji ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, na kaboni hiyo ndiyo iipayo nguvu. Haidrojeni ikikutana nayo katika joto lipitalo takriban nyuzi 200 za Selsiasi, huungana nayo ikawa methani. Na methani, kwa ukubwa wa molekuli yake, haiwezi kutoka kwa njia ile iliyoingilia haidrojeni. Hujilundika mipakani mwa punje za chuma na kusukuma, hata mapovu madogo yakawa mianya, na mianya ikaungana ikawa ufa. Wakati huo huo feleji imekwisha kunyang'anywa kaboni yake, kwa hiyo ukuta umepasuliwa na kudhoofishwa kwa pamoja. Madhara haya hayana marudio: chuma kilichofikwa nayo hakiponi kwa kupashwa moto wala kwa kupumzishwa, na dawa yake ni kukatwa na kutiwa kingine.

Iko njia ya pili, nayo ni ya baridi. Mwaka 1875 Mwingereza William Johnson aliwaeleza wanachuoni wa Royal Society ya London kwamba nyuzi za chuma zilizochovywa katika asidi huwa nyepesi kuvunjika, na kwamba zikiachwa kwa muda hurudiwa na unamu wake. Hilo ndilo jambo la haidrojeni iliyoingia bila moto: ikiwa haijazua ufa, inaweza kufukuzwa kwa joto la kiasi na kwa muda, na chuma kikarejea katika hali yake. Haidrojeni ya namna hii hutoka katika asidi inayosafishia chuma kabla ya kupakwa zinki, hutoka katika unyevu wa vijiti vya kuchomelea, na hutoka katika kutu iletwayo na maji yenye ile gesi ya salfa inukayo mayai yaliyooza. Na gesi hiyo ya salfa huzidisha balaa, maana huzizuia chembe za haidrojeni zisiungane tena na kuondoka zikiwa gesi, zikalazimika kuingia ndani ya chuma. Huko zikikuta nafasi hukusanyika na kukiumua chuma malengelenge, au hukipasua katika sehemu iliyo ngumu kupita kiasi.

Zitofautishe njia hizi mbili akilini mwako kabla ya kushika kazi, kwani katika ile ya kwanza unajihadhari na chuma chenye moto, na katika ya pili unajihadhari na chuma kigumu kilichopoa.

Kuchagua feleji ifaayo

Aliyeyaonja madhara ya moto mapema ni Carl Bosch, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, alipokuwa akitafuta kutengeneza amonia kwa wingi. Mirija yake ya feleji, ikifanya kazi chini ya shinikizo la mara mia kadhaa la hewa na joto la nyuzi 500 na zaidi, ilipasuka baada ya saa 80 hivi. Alipoichunguza aliona kwamba kaboni imetoweka. Ikhtiari yake ilikuwa ni kutenganisha kazi mbili: ndani akatia bitana ya chuma laini kisicho na kaboni ya kuliwa, nje akaweka feleji yenye nguvu ya kuhimili shinikizo, na katika feleji hiyo ya nje akatoboa vitundu vidogo ili haidrojeni iliyopenya bitana ipate pa kutokea isikae. Kwa ufundi huo kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Siku hizi hatutoboi tena vitundu vile katika kila bomba, kwa sababu imejulikana kwamba kromiamu na molibdenamu, zikichanganywa na feleji, huishika kaboni barabara isichukuliwe na haidrojeni. Mwaka 1949 George Nelson wa Shell alikusanya habari za mabomba na vyombo vilivyodumu na vilivyoharibika katika viwanda mbalimbali, akazipanga katika mchoro: upande mmoja joto, upande mwingine shinikizo la haidrojeni, na kila aina ya feleji ikapewa mstari wake ambao juu yake haifai kutumika. Taasisi ya Mafuta ya Marekani iliichapa michoro hiyo mwaka 1970 katika andiko lake la nambari 941, na mpaka leo ndiyo marejeo ya kazi hii duniani kote.

Utumiapo michoro hiyo, shika mambo manne. Kwanza, shinikizo litakiwalo ni lile la haidrojeni peke yake na si la gesi zote zilizo bombani. Ikiwa haidrojeni ni nusu ya gesi, basi chukua nusu ya shinikizo lote. Pili, joto litakiwalo ni la chuma chenyewe katika saa yake mbaya kuliko zote, si lile lililoandikwa na wasanifu miaka 30 iliyopita. Kichocheo kikichakaa waendeshaji huongeza joto ili mazao yasipungue, na kibadilisha joto kikiziba taka, moto hufika mahali ambapo haukutarajiwa.

Tatu, mistari hiyo imetokana na misiba iliyokwisha kutokea, kwa hiyo huteremshwa kila habari mpya ziingiapo. Feleji yenye nusu ya asilimia ya molibdenamu ilikuwa na mstari wake na ikaaminiwa sana, hata visa vya kupasuka vikazidi, na mwaka 1990 mstari wake ukafutwa; na mitambo iliyojengwa kabla ya mwaka huo huenda ingali na mabomba ya feleji hiyo.

Nne, usiende na mstari ukingoni. Tarehe 2 Aprili 2010, katika kiwanda cha Tesoro huko Anacortes, Marekani, kibadilisha joto cha mtambo wa kusafishia nafta kwa haidrojeni kilipasuka usiku, wakafariki watu 7. Kilikuwa cha feleji ya kaboni, kimetumika tangu mwaka 1972, nao waliokuwa na dhamana waliamini kwamba kiko chini ya mstari wa Nelson. Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali ilihukumu kwamba feleji ya kaboni isitumiwe kabisa katika joto la juu ya nyuzi 204 za Selsiasi pale ambapo shinikizo la haidrojeni linapita takriban bar 3.4. Mwaka 2016 andiko la 941 likaongezewa mstari wa chini zaidi kwa feleji ya kaboni iliyochomelewa bila ya kupashwa moto wa kuituliza. Ukiwa na hiari, fuata hukumu iliyo kali zaidi.

Kuhakikisha kwamba kilichofungwa ndicho kilichochaguliwa

Feleji ya kaboni na feleji yenye kromiamu kidogo hufanana kwa rangi, kwa uzito na kwa mng'aro, hata jicho la fundi mzoefu haliwezi kuzitenga. Katika kiwanda cha BP cha Texas City mwaka 2005 mafundi walifungua viwiko vya bomba la haidrojeni kwa ajili ya matengenezo. Viwiko hivyo vilikuwa na umbo moja na kipimo kimoja, lakini kimoja kilikuwa cha feleji ya kaboni kwa kuwa mahali pake palikuwa na joto dogo. Wakati wa kuvirudisha kikabadilishana mahali na mwenzake, kikakaa penye moto. Tarehe 28 Julai kilipasuka, na moto uliofuata ukateketeza mali ya dola milioni 30. Hapana aliyekosea katika kuchora. Mchoro ulikuwa sahihi, ila haukuonya kwamba vipande vyaweza kupishana.

Kwa hiyo kabla hujalegeza bolti ya kwanza, kitilie kila kipande alama isiyofutika, na alama hiyo hiyo uiandike katika mchoro. Vipande vikirudi, na vipya vikitoka bohari, vipimwe kimoja kimoja kwa ile bastola ya eksirei isomayo madini yaliyomo katika chuma; pima bomba, kiwiko, flanji, bolti na mshono wa kuchomelea pia, kwani kijiti kisichokuwa cha aina yake huacha mshono dhaifu katika bomba lililo bora. Cheti cha muuzaji kipokee kwa heshima, kisha upime. Na wewe mnunuzi, ukiletewa bomba la bei nafuu lisilo na nambari ya chuma chake, liache kwa mwenyewe.

Kuchomelea katika hewa ya pwani

Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani kuliko walio Nairobi au Nakuru, maana hewa yetu ina maji mengi mwaka mzima, na unga uliovikwa kijiti cha kuchomelea hunywa maji hayo. Moto wa kuchomelea huyapasua maji, na haidrojeni yake huingia katika chuma kilichoyeyuka. Mshono ukipoa, haidrojeni hunaswa katika ile sehemu iliyoguswa na moto na kuwa ngumu, kisha baada ya saa kadhaa, fundi akiwa amekwisha kwenda zake, ufa hujitokeza wenyewe.

Tahadhari zake ni hizi. Tumia vijiti vya haidrojeni kidogo, mfano wa E7018 kwa feleji ya kaboni, na kwa feleji ya kromiamu tumia vya jamii yake; usitumie vijiti vya selulosi kama E6010 katika chuma kinene au kigumu, kwani hivyo hutoa haidrojeni nyingi kwa tabia yake. Pakiti ikifunguliwa, vijiti vihamie papo hapo katika tanuri la nyuzi 120 au zaidi, na fundi achukue vichache katika kikebe chenye moto. E7018 ya kawaida haifai kukaa hewani zaidi ya saa 4. Vilivyopata unyevu bila ya kulowa vyaweza kuokwa upya kwa nyuzi 260 hata 430, kwa muda uliotajwa na watengenezaji. Vilivyolowa maji vitupwe. Kuvianika juani juu ya kipande cha bati ni kujidanganya, kwa kuwa jua la Likoni, ukali wake wote, halifiki hata nusu ya joto hilo.

Mahali pa mshono pasafishwe rangi, grisi na kutu. Chuma kipashwe moto kabla ya kuanza, kwa kiasi kilichowekwa katika waraka wa kazi, na moto huo udumu mpaka mwisho. Bomba ambalo limekwisha kubeba haidrojeni lina haidrojeni ndani ya ukuta wake, basi lipashwe kwanza kwa saa kadhaa, aghalabu karibu na nyuzi 300, ili liitoe. Ukianza kuchomelea bila ya hivyo utapata mapovu na nyufa hata kama vijiti vyako ni vikavu. Mshono ukimalizika, pale waraka utakapo, upashwe tena ili kuutuliza na kupunguza ugumu. Kwa feleji ya kaboni katika viwanda vya mafuta kipimo kinachofuatwa ni kutopita 200 kwa kipimo cha Brinell. Ukaguzi wa mwisho uwe baada ya saa 48, kwa sababu ufa wa haidrojeni huja kwa kuchelewa.

Kukagua bomba lililo kazini

Anayenunua nazi soko la Kongowea haridhiki na kifuu kilicho kizima; huitikisa na kuisikiliza, kwa kuwa ubovu wa nazi uko ndani. Mkaguzi wa bomba la haidrojeni hana budi kufanya vivyo hivyo, naye husikiliza kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la mwanadamu, ambayo hupelekwa ndani ya ukuta na kurudi na habari. Lakini atambue kwamba kile kipimo rahisi cha unene, ambacho kila kiwanda kinacho, hakimfai hapa, kwa sababu ukuta ulioliwa kaboni una unene ule ule wa zamani. Yatakiwa mashine zenye kusoma mwangwi uliotawanywa na mianya midogo mno, na mtu aliyefunzwa hasa kutambua alama za madhara haya. Fundi bingwa wa nyufa za kawaida asiyefunzwa haya aweza kupita juu yake bila ya kujua.

Anza na mahali palipo na moto kuliko pengine, napo ni sehemu za kutokea za tanuri na za riakta, na upande wa moto wa vibadilisha joto. Kisha mishono yote ambayo haikutulizwa kwa moto. Penye shaka, piga msasa mpaka chuma king'ae kama kioo, kitie dawa ya kufunua punje, ukichapishe juu ya utando wa plastiki na kukitazama kwa hadubini. Jihadhari lakini: hadubini huonyesha uso ule uliousafisha tu, nayo haidrojeni huanzia ndani. Penye maji ya salfa tafuta malengelenge, nayo huonekana ukiilaza tochi ubavuni mwa ukuta.

Wako wanaodhani kwamba kulijaza bomba maji na kulipandisha hadi mara moja na nusu ya shinikizo lake la kazi kunatosha kuwa ushahidi. Jaribio hilo huthibitisha kwamba halikupasuka siku hiyo kwa baridi. Halisemi lolote juu ya mianya inayoendelea kukua katika moto.

Kuwasha, kuzima na kuvuja

Vyombo vinene vya kromiamu na molibdenamu, hasa vilivyotumika miaka mingi, huwa vyepesi kuvunjika vikipoa vikiwa na haidrojeni ndani yake. Wakati wa kuzima, punguza shinikizo kwanza na uteremshe joto polepole, ili haidrojeni ipate wasaa wa kutoka; na wakati wa kuwasha, usipandishe shinikizo kamili mpaka unene wote wa chuma umefikia joto la chini lililoandikwa kwa chombo hicho. Msimamizi akikuhimiza uharakishe kwa sababu meli inangoja gatini, mwonyeshe andiko.

Haidrojeni haina rangi wala harufu, huwaka ikiwa ni asilimia 4 hata 75 ya hewa, na ndimi zake mchana hazionekani kwa urahisi. Usitafute uvujaji kwa mkono wala kwa uso. Tumia kipima gesi, na chini ya paa kielekeze juu, kwani ndiko ikusanyikako. Bolti ya flanji inayovuja isikazwe chini ya shinikizo. Na pale Anacortes, wengi wa waliofariki hawakuwa na kazi ya lazima penye kibadilisha joto: flanji zilizozoea kuvuja wakati wa kuwasha ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya waitwe kusaidia. Uvujaji uliozoeleka ni kasoro ya kutengenezwa kabla ya kuwasha, na wakati wa kuwasha wabaki wale tu ambao kazi haiendi bila yao. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka utoe habari uonapo hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwenye kiwanda kukurudisha mahali hapo kabla ya kuiondoa.

Daftari la bomba

Yote yaliyotangulia hayana faida ikiwa hayakuandikwa. Kila mstari wa bomba la haidrojeni uwe na ukurasa wake: aina ya feleji na nambari yake, mshono kwa mshono na aliyeuchomelea, kama ulitulizwa kwa moto au la, joto na shinikizo la kila mwezi pamoja na kila siku lilipopita mpaka, kila kipande kilichobadilishwa, na kila ukaguzi pamoja na njia iliyotumika. Kiwanda huuzwa, hubadili jina, huhamia mikono mingine, mafundi hustaafu; daftari lisipokabidhiwa pamoja na funguo, aliyenunua amenunua chuma asichokijua.

Ukiingia katika kiwanda chenye mabomba yasiyo na kumbukumbu, iwe ni Changamwe, Sur au kwingineko, yahesabu yote kuwa ni ya feleji ya kaboni isiyotulizwa, yaani iliyo dhaifu kuliko zote, na uyawekee mipaka ya joto na shinikizo ifaayo feleji hiyo. Kisha yapime moja baada ya jingine, na lile lililothibitika kuwa bora ndilo pekee lirudishiwe kazi yake nzito. Wenye kiwanda watanung'unika kwa mazao yatakayopungua. Waonyeshe gharama ya kupima kando ya gharama ya kujenga upya, uwape waamue, na uamuzi wao nao uuandike daftarini pamoja na tarehe na jina.